Uzi Mmoja wa Sanda

Jamani, aibu hii bado inaniwasha. Mimi nauza vitambaa hapa Mtendeni, na majirani wamechoshwa na majigambo yangu kwamba nikigusa tu kitambaa naujua uzi wake. Kazi nilifundishwa na Mzee Idi. Kwa kila jora jipya alichomoa uzi mmoja na kuuwasha. Pamba hunuka kama karatasi na kuacha jivu; poliesta huyeyuka na kuwa kidonge kigumu.

Juzi Mzee Idi akafariki. Nikasema sanda naitoa mimi, bafta ya pamba tupu, kama alivyousia. Nikiwa na machozi nikapapasa jora jeupe, nikakata, nikapanda bodaboda hadi msibani Kwihara.

Waoshaji walipojaribu kuchana vipande vya kufungia, kitambaa kikavutika, kikagoma kuchanika kama pamba.

"Ni pamba hiyo, vuteni tu!" nikang'aka mbele ya watu wote.

Kaka wa marehemu hakubishana. Akachomoa uzi, akaomba kiberiti. Ukatoka moshi mweusi. Akaniwekea kiganjani kidonge cheusi, kingali cha moto.

"Mwanangu," akasema taratibu, "si huyu aliyelala hapa ndiye aliyekufundisha?"