Sinema Aliyoisema Baba

Harufu ya vumbi likiungua juu ya taa ya projekta: hizo ndizo Jumamosi zangu zote za msimu ule wa mvua, mtaani Dagoretti Corner, nikiwa darasa la tatu. Baba alikuwa amenunua projekta kuukuu kwa mchuuzi wa Ngara, pamoja na filamu moja tu, ya makauboi, ya zamani sana, isiyo na sauti hata chembe. Watu wa filamu walichezesha midomo, maandishi ya Kiingereza yakatokea, kisha farasi wakakimbia tena. Alasiri tulitundika mablanketi kwenye madirisha ya ukumbi wa kanisa, na Baba akasimama kando ya shuka jeupe akiwasemea wote. Mjane mwenye shamba alilia kwa sauti ya Baba. Mwenye masharubu, aliyekuja na karatasi mkononi, alikuwa mnyakuzi wa ardhi. Vibarua na akina mama wa sokoni walimzomea kila wiki, na kauboi alipomwangusha kwa risasi, ukumbi mzima ulishangilia. Sijawahi kuona mtu akipendwa kama Baba alivyopendwa mle ndani.

Muhula ule ndipo nilipoanza kusoma Kiingereza vizuri, na kidomodomo changu hakikutulia. Jumamosi moja maandishi yalipotokea, niliyasoma kwa sauti, nikijivuna, kisha nikasema, "Lakini Baba, hapa imeandikwa huyo mwenye masharubu ni kaka yake mjane. Amekuja kumrudishia shamba."

Projekta ikaendelea kukoroma. Jirani yetu, Mama Otieno, akauliza polepole, bila ubaya, "Kwani Baba Shiru, hiyo maandishi wewe huwa husomi?" Mtu akacheka nyuma. Baba akageukia shuka. Kauboi akampiga risasi yule kaka, na hakuna aliyeshangilia. Nilitaka kusema kwamba nimekosea kusoma. Nilisimama tu pale nikilia.

Baba hakunichapa. Afadhali angenichapa. Wiki iliyofuata projekta ilirudishwa Ngara, na yeye akawa mtu wa maneno machache.

Sasa ni mzee, anaishi nami Kileleshwa. Juzi niliipata filamu ile ile kwenye simu, nikamwekea, nikamwomba anisemee kama zamani. Alimtazama yule mjane akichezesha midomo, kisha akanirudishia simu kwa upole.

"Soma wewe, Shiru," akasema. "Mimi nitasikiza."

Nikasoma, neno kwa neno, bila kukosea hata moja, na filamu haikuwa na utamu wowote.