Maisha ya Ambrosi wa Tura, Mtu Aliyejifunza Kubebwa

Alizaliwa tarehe 7 Desemba 1963 katika kitongoji cha Mwisole, mwendo wa saa mbili kwa miguu kusini mwa stesheni ya Tura, akiwa mtoto wa tatu wa Mathias mpasua mbao na mkewe Josepha. Kwa kuwa siku hiyo Kanisa humkumbuka Mtakatifu Ambrosi, wazazi hawakuhangaika kutafuta jina. Wapo waumini wanaosimulia kwa machozi kwamba alipokuwa kitandani, mchanga wa siku tatu, nyuki walitua juu ya midomo yake bila kumuuma. Mama yake alipoulizwa jambo hilo mbele ya katekista alijibu kwamba walikuwa nzi. Tunaandika yote mawili, na msomaji achague kwa kadiri ya imani yake.

Njia ya zamani ya misafara ilipita karibu na Mwisole, na ukoo wa Ambrosi uliijua kwa mabega. Babu wa babu yake alibeba pembe za ndovu kutoka Tabora hadi pwani mara nne, na mara ya tano hakurudi. Mzee Mathias aliwalea wanawe kwa fundisho moja tu, nalo alilikariri kuliko Baba Yetu: mtu huru ni yule asiyebeba cha mtu na asiyeomba cha mtu. Ambrosi alilishika fundisho hilo kama wengine wanavyoshika amri kumi, yaani alilishika vizuri zaidi. Akawa mfuga nyuki hodari, mwenye mizinga zaidi ya mia katika msitu wa miombo, akiipandisha mwenyewe na kuirina mwenyewe. Mwaka 1989 alifunga ndoa na Levina, binti wa Igunga, ambaye alishangaa kugundua kwamba chumvi ikiisha katika nyumba ile, watu walikula mboga isiyo na chumvi mpaka siku ya gulio, kwa sababu mumewe hakuruhusu mtu kugonga mlango wa jirani. Kanisani alikwenda kila Jumapili na kusimama nyuma. Alimsalimu Mungu kama mtu anavyomsalimu jirani wa mpakani, kwa adabu na bila kuingia ndani.

Hapana budi kueleza hapa desturi ya machela. Mwisole haina zahanati, na mvua ikinyesha hata pikipiki haipiti. Kwa hiyo tangu zamani kila nyumba hutoa bega. Mgonjwa hulazwa juu ya machela ya miti na kamba, watu wanne hubeba, wanne hutembea pembeni kupokezana, na safari huishia stesheni. Mtunza machela alikuwa Emilian, mkulima wa tumbaku, jirani wa tatu wa Ambrosi. Kanuni ilikuwa moja: nyumba isiyotoa bega haina machela. Ambrosi alikataa kutoa. Hakuwa mvivu, alikuwa na msimamo, na msimamo ni ugonjwa mbaya zaidi kwa kuwa wenye nao hujisifu.

Mwezi Februari 1998, katika mvua zile kubwa, mke wa Emilian alishikwa na uchungu wa uzazi ukakwama. Wanaume wenye afya walipatikana saba. Emilian alikuja mwenyewe, akasimama kwenye mvua mbele ya mlango wa Ambrosi.

“Jirani, tumepungua mmoja. Njia ni matope matupu.”

Ambrosi alijibu bila kutoka ndani: “Ukoo wetu ulibeba mizigo ya watu mpaka pwani. Mabega yetu yamestaafu.”

Wakaenda saba. Kwenye kijito cha mwisho aliyechoka hakuwa na wa kumpokea, wakaiweka machela chini wapumzike, na mtoto akazaliwa hapo kando ya maji, akafa hapo hapo. Mama alipona. Ambrosi alipeleka asali msibani, nayo ilirudishwa siku ile ile ikiwa haijafunguliwa.

Kwa miaka kumi na mitatu watu hawa wawili walipishana njiani kama miti. Kisha, tarehe 19 Juni 2011, Ambrosi akiwa anarina asali juu ya mninga, tawi lilikatika. Alianguka chali juu ya mzizi. Levina alimkuta mchana, macho wazi, nyuki wakitembea usoni mwake, na miguu yake haikujua tena kwamba ni yake. Levina alikimbia moja kwa moja mpaka uani kwa Emilian.

Emilian alimsikiliza mpaka mwisho, akaendelea kufunga majani yake ya tumbaku. “Pole, shemeji. Ila mabega yetu nayo yamestaafu.”

Levina hakulia wala hakubisha. Alikaa chini, katikati ya uwanja, akanyoosha miguu. “Basi nitakaa hapa,” alisema. “Ukitaka kufagia, fagia unizunguke.”

Haijulikani Emilian alifikiri nini katika muda ule. Mwenyewe husema alikuwa akimalizia fungu la majani. Baadaye alishusha machela na kuita watu. Lakini walipofika chini ya mninga hakuruhusu mtu amguse Ambrosi. Alichuchumaa karibu na sikio lake.

“Sema mwenyewe.”

Ambrosi, aliyekuwa hajaomba hata chumvi tangu azaliwe, alifumba macho. “Emilian. Nibebe.”

“Sijasikia.”

“Nibebe, baba yangu. Nakuomba.”

Wakambeba hadi stesheni, wakamsimamishia treni, akafika Tabora. Huko madaktari walifanya yote yaliyowezekana, na mwezi Septemba alirudi Mwisole akiwa na uhai wake na bila miguu yake. Miezi minane iliyofuata si ya kusomwa wakati wa chakula. Aligeuza uso ukutani. Alimtukana Levina alipokuwa akimwosha, na alipochoka kumtukana alimwomba amletee dawa ya kuulia wadudu wa tumbaku. Levina alimjibu kwamba dawa ile ni ya kukopa kwa jirani, na nyumba hii haikopi.

Wito wake ulikuja siku ya kawaida, saa ya kubadilishwa shuka. Levina amehifadhi maneno yake. Ambrosi alisema: “Mke wangu, nimesali miaka arobaini na sijawahi kumwambia Mungu nilichomwambia Emilian chini ya mti.” Kisha akalisema neno lile lile, nibebe, akitazama dari, akalia mpaka mto ukaloa. Tangu siku hiyo sala yake ilikuwa neno hilo tu, na watu wa novena ndefu walimwona mvivu. Jumapili iliyofuata alituma ujumbe kwa Emilian kuomba mambo mawili: msamaha kwa ajili ya mtoto, na kubebwa kanisani.

Emilian alikuja na jibu mdomoni. “Nitakubeba, kwa kuwa mkeo sasa anatoa bega na kanuni inasema hivyo. Kuhusu kusamehe, kanuni haijasema kitu.”

Hivyo ilianza miaka minane ya kubebwa. Kigango kilikuwa kilomita tano. Wabebaji walimtania njia nzima, kama ilivyo haki ya mwenye kubeba.

“Mzee, umenenepa. Shemeji Levina, punguza ugali!”

“Nimenenepa kwa sala zenu,” alijibu kutoka juu. “Salini kidogo, mtapumzika.”

Na hapa ndipo wengi walianza kuona jambo. Machela haibebwi na watu wasiolingana hatua. Ndugu wawili waliogombea mpaka wa shamba, wasiosalimiana tangu kaburi la baba yao, waliwekwa na zamu upande mmoja. Ilibidi wahesabiane hatua kwa sauti, na kabla ya kufika kigangoni walikuwa wamekwisha kuongea. Watu walianza kuja nyumbani kwake hata siku zisizo za Jumapili, wakimwambia wasiyoweza kumwambia mtu aliyesimama wima. Hakuwa na ushauri mwingi. Aliwauliza tu, “Umeshaomba, au umejikaza?”

Mwaka 2015, majira ya kampeni, mheshimiwa mmoja alimletea kiti cha magurudumu na mpiga picha. Kiti kilizama kwenye mchanga wa Mwisole kabla picha haijakamilika, na tangu hapo kuku wa Levina walikitagia. Mwaka huo huo Raymundi, mtoto wa dada yake, alikuja kutoka Dar es Salaam na kumhurumia waziwazi.

“Shikamoo, mjomba. Lakini haya si maisha. Kila kitu mpaka utegemee watu. Uhuru wako uko wapi?”

“Marahaba. Nilipokuwa na miguu, Mwisole nzima hapakuwa na nyumba niliyoweza kuingia na kusema nina shida. Nilikuwa mfungwa, na mlinzi wa gereza alikuwa mimi. Leo siwezi kufika mlangoni pangu, na hakuna nyumba nisiyoweza kuingia. Nimemtupia Mungu uzito wote, hata wa choo. Sina cha kuficha wala cha kulinda. Sasa wewe niambie, mfungwa ni nani?”

Raymundi alijibu kwamba mtandao haushiki vizuri huku, akatoka nje.

Ingefaa wasifu huu uishie hapo, kila mtu akiwa ametakaswa. Lakini miaka minane ni mirefu, na utakatifu wa mtu mwingine huchosha mabega. Kuanzia mwaka 2020 udhuru ulianza kuja badala ya watu: kuna tumbaku ya kuvuna, kuna msiba Isikizya, mgongo unauma. Wengine walinunua pikipiki, na mtu asiyeweza kukaa hapandi pikipiki. Katekista Benjamini, kwa nia njema kabisa, alitangaza kwamba mgonjwa ataletewa Komunyo nyumbani kila Ijumaa ya kwanza, na kigango kizima kilishusha pumzi. Ambrosi alishukuru. Ila kila Jumapili alimwomba Levina amwogeshe, amvalishe shati jeupe, amlaze mlangoni.

Levina alikasirika. “Unataka kuwaaibisha watu wanaopita?”

“Hapana. Namngoja Mungu. Akija na miguu ya watu, vizuri. Asipokuja nayo, mimi nimekwisha kuvaa.”

“Na wakikusahau kabisa?”

“Wakinisahau, nitajua kama nilimtegemea Yeye au niliwategemea wao.” “Naogopa kulijua hilo, Levina. Nivalishe hivyo hivyo.”

Watu walipita wakienda misani, wakasalimu, wakatazama upande wa pili. Jumapili moja ya Kwaresima mwaka 2022 Emilian alikuja peke yake, akasimama mlangoni akiona haya.

“Mtu mmoja habebi machela,” alisema.

“Lakini mtu mmoja anaweza kukaa.”

Emilian alikaa. Wakakaa hivyo kwa muda wote ambao misa ilikuwa ikiendelea kilomita tano mbali. Kisha Emilian akasema, akitazama mchanga: “Tulimwita Eliya. Mama yake alimbatiza kwa maji ya kijito.” Kwa miaka ishirini na minne Ambrosi hakuwa amejua kwamba mtoto yule alikuwa na jina. Alilitamka polepole, wakalisalia pamoja. Neno msamaha halikutajwa na yeyote. Miongoni mwa miujiza yote inayosimuliwa, huu ndio pekee wenye mashahidi wawili.

Alifariki Jumapili tarehe 13 Novemba 2022, kama saa nne asubuhi, mlangoni pake, akiwa amevaa. Levina, aliyekuwa jikoni, alimsikia akisema “nibebe” kwa sauti ya kawaida, kama anayemwambia mtu aliyekwisha kufika.

Siku ya maziko mabega yalipatikana. Walihesabiwa wanaume zaidi ya arobaini, wengine kutoka Tura mjini, wakisukumana kushika jeneza hata katekista akalazimika kupanga zamu. Emilian hakushika. Alisimama kando na kusema kwa sauti, na watu wakainamisha vichwa: “Mnamkimbilia sasa kwa kuwa hawezi kuwaomba tena.”

Kanisa halijatamka lolote juu yake, na hakuna aliyetumwa kuuliza. Udongo wa kaburi lake unachotwa kwa ajili ya maumivu ya mgongo, na wanaouchota wanasema unasaidia. Nyuki wamejenga ndani ya msalaba. Mwaka jana iliundwa kamati ya kuchangia sanamu. Anayetaka kumwiga Ambrosi ana njia fupi zaidi: aombe kwa Mungu kile ambacho kiburi chake kinamkataza kuomba, na akiombwa asitazame upande wa pili. Katika nyumba ya pili kutoka kaburini anaishi Bi Consolatha, mjane aliyepooza tangu Pasaka. Jumapili iliyopita, mahujaji wa udongo walipokuwa wakipita, alikuwa amelazwa mlangoni, ameoga, amefunga kitenge chake cha kanisani. Walimwambia Tumsifu Yesu Kristo. Akaitikia Milele Amina, nao wakaendelea na safari.