Tundu la Telesia

Enzi zetu kule mwambao wa Nyasa, karatasi ilikuwa na heshima zake. Ganda la sabuni lilikuwa na ua, basi ua lilikatwa likahifadhiwa. Kalenda ya parokia ikiisha mwaka, tuligombania watakatifu wake kama kuku wanavyogombania pumba. Gundi tulipika wenyewe, uji wa muhogo uliokazwa hadi mwiko usimame, na ole wako mama akikuta umechota unga wa ugali wa jioni. Vijana wa siku hizi wana gundi ya kijiti inayonukia kama pipi, na bado ukimwomba mmoja akufungie zawadi anakuletea kitu kilichokunjamana kama shuka la mgonjwa.

Tulikulia kijiji cha wavuvi upande wa Kihagara, mahali ambapo ukisimama mlangoni kwetu ziwa liko kushoto kwako na milima iko kulia. Asubuhi shuleni na ufagio mkononi, mchana ugali wa muhogo na usipa, dagaa wa ziwa letu, jioni mchezo wa rede kwenye uwanja wa kanisa hadi mpira wa matambara ufumuke. Siku ziwa likitoa nkungu, hata mwalimu alijua hana darasa. Nkungu ni vijidudu vidogo kuliko mbu, vinapanda kutoka majini kama moshi, wingu jeusi linalotembea juu ya ziwa bila haraka. Tulikimbia na vikapu vilivyoloweshwa, tukavizungusha hewani, tukarudi na wadudu wa kufinyanga mikate myeusi. Ukiwasimulia watoto wa Mbinga leo kwamba ulikula mkate wa wadudu, wanakukodolea macho, halafu wanarudi kwenye soseji zao ambazo hawajui zimetengenezwa kwa nini.

Miiko nayo ilikuwepo. Mama alituambia ukiitwa jioni au gizani mara moja usiitike, subiri uitwe mara ya pili. Wa majini huita mara moja tu. Mpaka leo mtu akiniita mara moja mimi nanyamaza, na walimu wenzangu wanadhani masikio yamezeeka.

Fundi wa karatasi katika ukoo wetu alikuwa Mama Mkubwa Skola, dada wa mama yangu. Mume wake alifanya usafi kwenye chumba cha eksirei cha hospitali ya misheni, na mara kwa mara alirudi na karatasi zilizofungiwa filamu, nyeusi tititi pande zote mbili. Mtoto wa ukoo akipata komunyo ya kwanza, Mama Mkubwa alimkalisha kwenye kigoda saa ambayo jua la jioni linaingia dirishani, akabandika karatasi ukutani, akafuata kivuli cha kichwa na mabega yake kwa chaki, kisha akakikata kwa wembe. Kivuli hicho kilikwenda kwenye albamu aliyoishona mwenyewe kwa karatasi za mifuko ya saruji, kikakaa katikati ya maua ya ganda la sabuni na malaika wa kalenda. Kamera hatukuwa nayo. Hizo ndizo zilikuwa picha zetu.

Albamu ile ilikuwa na sheria mbili. Ya kwanza, walio hai walitazama kushoto, upande wa ziwa, maana riziki yetu ilitoka huko. Mtu akifa, Mama Mkubwa alibandua kivuli chake kwa mvuke wa sufuria, akakigeuza, akakibandika tena kikitazama kulia, milimani. "Aliyekufa asiachwe anatazama maji," alisema, "atayatamani." Sheria ya pili ilihusu karatasi iliyobaki, ile yenye tundu la umbo la mtu. Ilichomwa siku ileile kabla jua halijazama. Alituambia tundu likiachwa wazi, mwenye tundu atapita.

Dada yangu Telesia alikuwa na miaka kumi, mimi minane, alipokaa kwenye kigoda kile. Alikuwa na shingo ndefu na vitunguu viwili vya nywele, na kijiji kizima kilisema katika wale wasichana wawili, mzuri ni yule mkubwa. Mama Mkubwa alipomaliza kukata alinipa ile karatasi yenye tundu. "Deta, peleka jikoni ukachome." Nikaificha ndani ya gauni. Jikoni nilichoma karatasi ya daftari langu la hesabu. Nilitaka, Mungu anisamehe, kuweka uso wangu kwenye tundu la Telesia mbele ya kioo cha baba, nione kama nitaenea. Nilipotoka jikoni mama alikuwa anapepeta mchele mlangoni.

"Umechoma?"

"Nimechoma, mama."

Mbele ya kioo sikuenea. Kidevu changu kilizidi.

Haikupita wiki, ziwa likatoa nkungu. Lilikuwa wingu kubwa kuliko yote niliyowahi kuona, na badala ya kupita mbali likaja moja kwa moja ufukweni. Tuliingia majini hadi magotini, Telesia mbele na kikapu, mimi nyuma nimeshika gauni lake. Kukawa giza asubuhi kweupe. Wadudu waliingia puani, mdomoni, machoni, na sauti ya watoto wengine ikazimika kama mtu kafunga mlango. Niliachia gauni ili nijizibe mdomo. Ni muda wa Salamu Maria moja tu, naapa. Nikasikia ananiita, "Deta." Mara moja. Sikuitika, kama nilivyofundishwa. Wingu lilipopita, maji yalikuwa yametulia na kikapu kilikuwa kinaelea, kimejaa.

Walizamia, wakakokota nyavu, wakapita vijiji vya jirani wakiuliza. Hakupatikana. Kwetu mtu asipopatikana huzikwa mgomba badala yake, ili pawe na kaburi la kulilia. Wakakata shina la mgomba lenye urefu wa Telesia, wakalivika sanda. Mama Mkubwa, akilia, akabandua kivuli cha Telesia kwenye albamu na kukifunga juu ya shina, upande wa uso, ili udongo ujue unampokea nani. Wakazika. Siku ya tatu baada ya mazishi tulikuwa tumekaa uani, Mama Mkubwa akaacha kula ghafla, akasema, "Sikumgeuza." Kaburi halifukuliwi. Telesia alikuwa amelala mle anatazama ziwa.

Tangu hapo nyumba yetu haikuwa ileile. Ilipofika saa ya jua kuchwea tulisikia kikapu kikizungushwa kwenye matete, fwii, fwii, na tulipokwenda kuangalia matete yalikuwa yametulia. Ukurasa wake kwenye albamu ulibaki na matone mawili ya gundi ya muhogo, mende wakayala, wakatoboa hadi upande wa pili. Yakawa matundu mawili yanayokutazama kila ukifungua. Mama aligeuza kiti chake, akawa anakaa amelipa ziwa mgongo. Mimi nilijua kilichomchukua dada yangu, na sikumwambia mtu. Ile karatasi niliifunga ndani ya jalada la daftari, na imenifuata chuo cha ualimu na shule zote nilizofundisha, hadi Mbinga, chini kabisa ya sanduku la bati.

Leo Mama Mkubwa ametangulia, albamu iko kwa mama, na mama ni mzee sana, macho yamefunikwa na ukungu. Mwaka huu alianza kuuliza kila jioni, "Telesia bado anatazama majini?" Padri alikuja, akasali, akanyunyiza maji ya baraka. Mama akaitika amina, kisha akamuuliza padri swali lilelile. Baadaye akaanza kusukuma chakula. Nilipomsihi ale akaniambia kwa upole, "Deta, mimi nimechoka, nataka kwenda. Lakini nitampitaje mtoto amenipa mgongo?"

Nikarudi Mbinga, nikafungua sanduku.

Anyesi, binti wa kaka yangu, ana chumba cha steshenari karibu na stendi. Anatengeneza kadi za harusi, majina ya kubandika kwenye fulana, na hizi albamu za kisasa ambazo picha zinazungukwa na maua ya karatasi. Hashiki mkasi wala wembe. Anachora kwenye kompyuta, anabandika karatasi kwenye mkeka wa plastiki unaonata, anauingiza kwenye mashine isiyozidi cherehani kwa ukubwa, na kisu kidogo kama ncha ya sindano kinakata chenyewe. Mimi nilikuwa namtania kwamba kizazi chake kitakuja kununua mashine ya kuwatafunia karanga. Siku ile sikutania. Nilimwekea ile karatasi nyeusi mezani, mstari wa chaki ukiwa bado unaonekana kuzunguka tundu, nikamwambia, "Nikatie huyu mtu."

"Shangazi, huyu nani?"

"Dada yangu."

Aliipiga picha kwa simu, akaipeleka kwenye kompyuta, akajaza tundu. Telesia akatokea kwenye kioo, shingo yake, vitunguu vyake viwili, anatazama kushoto. Nilishika ukingo wa meza. Anyesi akaniuliza gauni lilikuwaje, na nilipomwambia lilikuwa na samaki wadogo akachora samaki wadogo wa kukatwa matundu mabegani. Akachagua karatasi nzito, yenye rangi ya samawati upande mmoja na nyeupe nyuma. Akabonyeza. Mashine ikaanza kutafuna taratibu, kama panya darini, mkeka ukienda na kurudi.

Ulipotoka, Anyesi aliinua kwanza karatasi iliyobaki, akaishika juu kuikagua. Nje lilipita lori la makaa ya mawe ya Ngaka, kioo chake kikarusha jua hadi ndani, na mwanga ukapita kwenye tundu. Mtoto wa nuru akatokea ukutani kwenye kona ya mlango, akatembea juu ya shajara na kalamu, akapita kifuani kwangu, akatokomea. Anyesi alisema, "Umeona?" Sikuitika.

Kisha akakibandua kivuli chenyewe kutoka kwenye mkeka, akakigeuza huku na huku. "Ee, samahani shangazi. Asubuhi nilikuwa nakata majina ya fulana, yale hukatwa kinyume ndipo yapigwe pasi. Nimesahau kuzima hiyo ya kugeuza. Amegeuka huyu. Ngoja nirudie."

Upande wa samawati, upande mzuri, Telesia alikuwa anatazama kulia. Hakuna mkono wa mtu uliomgeuza.

"Usirudie," nilimwambia, na nikaanza kulia mbele ya wateja.

Tuliteremka pamoja hadi ziwani kesho yake. Mama alikuwa kwenye kiti chake, mgongo kwa maji. Nilipiga magoti, nikamwamkia, nikamwambia yote: gauni, daftari la hesabu, kioo cha baba, uongo wangu mlangoni. Nilimwambia nilisikia Telesia akiniita na sikuitika. Nilikuwa nimeyabeba tangu nina miaka minane na yalitoka kwa dakika chache tu. Mama alinyoosha mkono, nikampa Telesia. Akampapasa kwa vidole, kidevu, pua, kitunguu cha kwanza, cha pili, samaki. Akaniomba albamu, akatafuta kwa vidole ule ukurasa wenye matundu mawili ya mende, akamlaza juu yake na kupima anatazama wapi.

"Nani kamgeuza?"

"Mashine, mama."

Akapitisha tena kidole kwenye kidevu cha karatasi. Kisha akasema, "Ulikuwa mtoto, Deta. Na mimi ndiye niliyekufundisha usiitike." Alinishika kichwa. "Lakini tundu lichomeni. Leo, kabla jua halijazama."

Tulichoma zote mbili jikoni, ile nyeusi ya zamani na ya samawati mpya, nikasimama hapo hadi zikawa majivu. Jioni hiyo matete yalinyamaza. Mama alikula ugali na usipa, akaomba kuongezwa.

Tulikuwa tunaosha vyombo mimi na Anyesi, nikamwambia sasa limekwisha, tundu halipo tena duniani. Akacheka kwa wema. "Shangazi nawe! Lipo kwenye kompyuta. Na nimelirusha kwenye kundi letu la wenye mashine, Songea, Dar, hadi Mwanza. Wamempenda! Mmoja keshamkata kwa kadi za kipaimara."

Nilimuuliza, "Wanamkata anatazama wapi?"

"Popote wapendapo."

Alifuta la kwake mbele yangu, na akawaandikia wenzake. Wawili walijibu wamefuta. Wengine waliweka vidole gumba. Enzi zetu kitu kilikuwa kimoja, ukikichoma kimekwisha, na anayelia analia mpaka anamaliza. Siku hizi hakuna kinachoisha. Dada yangu yuko kwenye nyumba za watu nisiowajua, kwenye kuta zenye madirisha yanayotazama maji nisiyoyajua, na siwezi kwenda kumgeuza nyumba hadi nyumba.

Mama yupo bado, anakula vizuri. Kila nikimpigia simu asubuhi namwamkia, anaitikia marahaba, halafu anauliza.

"Mlichoma yote?"

"Tulichoma yote, mama."