Chumvi na Magitaa Matatu

Mume wangu ana jina zuri alilopewa na wazazi wake, lakini tangu nimjue watu wanamwita Chumvi. Alipiga gitaa la rithimu katika bendi ya dansi, na wenzake walisema rithimu ni chumvi ya mboga: ikiwepo hakuna anayeisifu, ikikosekana kila mlaji anakunja uso. Na yeye mwenyewe ndivyo alivyo. Mweke katika chumba chenye watu watano, utahesabu wanne.

Mimi sivyo. Mimi ni fundi cherehani, na mdomo wangu unakwenda kasi kuliko mguu wangu. Nimemsema mwanamume huyu kwa miaka thelathini na moja: viatu mlangoni, taulo kitandani, kikombe cha chai juu ya vitambaa vya wateja. Zamani alikuwa akinijibu, tena kwa maneno ya kuchekesha mpaka nasahau nilichokasirikia. Miaka ya karibuni akaacha. Nikisema, anatabasamu. Niliwaringia majirani kwamba dume langu limefugika, nao wakaniuliza nilitumia dawa gani.

Kuna jambo lazima niliseme mapema, nisije nikaonekana mwema. Miaka kumi na tisa iliyopita niliuza gitaa lake. Lilikuwa gitaa nene la umeme, la aina ile ya zamani iliyo tupu ndani, yenye mashimo mawili marefu yaliyopinda usoni. Kila Ijumaa na Jumamosi liliondoka naye na kurudi naye kumekucha, na mimi nilibaki na watoto wawili wadogo na kitanda kipana. Hapakuwa na mgonjwa wala njaa. Laiti ingekuwepo, ningekuwa na la kujitetea. Nilichoka tu kulala peke yangu, nikauonea wivu ubao. Siku moja mume wangu alikwenda kumzika shangazi yake, akapita mnunuzi wa vitu vilivyotumika na mkokoteni wake, nikampa. Kisha nikavunja komeo la dirisha kwa nyundo, nikakaa kitandani kungoja kulia. Machozi yalikuja bila taabu, hata mwenyewe nilijishangaa.

Hakunishuku hata siku moja. Alizunguka masoko ya vitu kuukuu kwa miezi, akiuliza. Kisha akawaaga wenzake wa bendi, akaajiriwa kwenye kiwanda cha kupasua mbao. Basi akawa analala nyumbani kila siku, kama nilivyotaka, na unga wa mbao kwenye nyusi.

Jambo hilo lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki mpaka mwaka juzi. Alikuwa amekaa uani akinoa kisu, amenipa mgongo. Nikasimama nyuma yake nikalitapika lote: mkokoteni, nyundo, komeo. Nilipomaliza nilikuwa nalia. Nikamgusa bega. Akageuka, akanitazama usoni kwa muda, akanifuta machozi kwa kidole chenye mafuta.

"Basi, mama," akasema. "Yameisha."

Akarudi kwenye kisu chake. Sijawahi kumpenda mtu kama nilivyompenda siku ile. Usiku huo nililala mpaka jua likanikuta kitandani, jambo ambalo kwa fundi cherehani ni aibu.

Mwaka huu alistaafu. Siku ya tatu ya kukaa nyumbani akasema anataka gitaa. Nikamwambia yamejaa madukani, ya kila rangi. Hapana, akasema, hayo ya siku hizi yameshiba mbao. Yeye anataka la zamani, lenye uwazi ndani. Alisikia kwamba kuna mwalimu mstaafu wa muziki anayehamia kwa binti yake, ambako hakuna nafasi, na anauza yake matatu. "Twende wote," akaniambia. "Wewe una jicho la mshono." Nikafunga cherehani yangu nikamfuata.

Mwalimu alikaa ghorofani, juu ya karakana ya mafundi friji. Alikuwa ameyalaza magitaa yake kitandani, juu ya shuka safi. Tulimwamkia, akatuitikia kwa sauti ya mtu aliyezoea kunyamazisha darasa. Chumvi akaanza kuyakagua kama mimi ninavyokagua gauni lililoshonwa na fundi mwingine, yaani kwa nia mbaya. Alifunga jicho moja akatazama shingo ya kila gitaa kama imenyooka. Akachungulia mashimoni. Akapapasa kingo kutafuta mahali palipofunguka gundi.

La kwanza lilikuwa jekundu, jembamba. "Hili," Mwalimu akasema, "ni tupu pembeni tu. Katikati lina gogo la mbao. Faida yake, hata ukifungua amplifaya mpaka mwisho, halipigi mluzi."

Chumvi akalipakata, akapiga kidogo, akatikisa kichwa. "Limeshiba," akasema. "Haliniambii kitu."

La pili lilikuwa la kahawia, nene, na rangi yake imepasuka mistari myembamba kama sahani kuukuu. Lilikuwa tupu ndani mwote, na lilikuwa na kinasa sauti kimoja tu chini ya nyuzi, kile cha kupeleka sauti kwenye amplifaya, karibu na shingo. Mwalimu alikuwa mkweli: alisema sauti yake ni tamu lakini ukilizidishia linaanza kuunguruma lenyewe, na kwamba halifai kwa vijana wenye haraka. Chumvi akalibana tumboni, akapiga mara moja, akafumba macho. Akakaa hivyo mpaka nyuzi zikatulia kabisa. Nilidhani anasikiliza.

"Langu lilikuwa na unene huuhuu," akamwambia Mwalimu. "Liliibwa. Mwizi alivunja dirisha."

Alisema hivyo bila kunitazama. Mimi nikainamia mkoba wangu, moyo umenijaa. Nilijiambia: mwanamume gani huyu, amenisamehe, na bado ananisitiri mbele ya mgeni?

La tatu lilikuwa la rangi ya asali, la unene wa kati, lenye vinasa viwili na mkono wa chuma wa kutikisia nyuzi. Kwa macho ndilo lililokuwa bibi harusi. Chumvi akachomeka waya, akainamisha kichwa, akaanza kupiga rithimu ile ya zamani ya bendi yao, ile niliyokuwa nikiichukia. Nami nilijikuta natikisa mguu.

Umeme ukakatika. Taa nyekundu ya amplifaya ikazimika, na mafundi friji huko chini wakaguna kwa pamoja. Sauti ya gitaa ikafa hapohapo, ikabaki ile ndogo ya nyuzi tupu, ya kukwaruza. Chumvi akaendelea kupiga, macho amefumba.

"Hili lina nguvu," akasema. "Mwalimu, hebu punguza kidogo. Tusije tukawasumbua majirani."

Mwalimu akanitazama. Nikamtazama. Kisha yule mzee, Mungu ambariki, akainuka, akainama, akazungusha kitufe cha amplifaya iliyokufa, akarudi kuketi.

"Hapo sawa," akasema mume wangu.

Akachukua lile la kahawia. Sikumbuki walivyoelewana. Nakumbuka Mwalimu alilifunga katika kitambaa kwa mikono yake mwenyewe, na alipoagana nami aliushika mkono wangu muda mrefu kuliko kawaida.

Kwenye ngazi nilimwacha Chumvi atangulie. "Nyumba inaungua," nikaliambia bega lake. Akashuka. "Nyumba inaungua!" Nikamwita kwa jina lake, lile la wazazi wake, ambalo nilikuwa sijalitamka tangu siku ya ndoa. Alikuwa akishuka taratibu, amelikumbatia gitaa, asije akaligonga ukutani.

Nilimpita, nikasimama mbele yake. "Husikii," nikasema.

Akautazama mdomo wangu, kisha macho yangu. "Umeme ulikatika?" akauliza. Alijaribu kucheka. "Nilijua tu siku moja utanikamata. Sikio la kushoto lilikwenda miaka sita iliyopita. La kulia likafuata. Huu ni mwaka wa nne. Ni misumeno ile ya kiwandani."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeanza kusema nami polepole, kama na mgonjwa. Mimi nilipenda unavyonisema kwa kasi. Naona mdomo unavyokwenda, nacheka moyoni."

"Lakini unanijibu!"

"Ukiwa mbele yangu nakusoma. Ukiwa nyuma, nageuka nikuone uso. Ukiwa na hasira, natabasamu. Ukiwa unalia, nasema basi, yameisha. Mara nyingi inatosha."

Nilishika ukuta. Watu wa karakana walikuwa wakitupita na friji ya mpangaji wa juu, wakituomba njia, na mimi nilikuwa nahesabu miaka. Mwaka wa nne huu. Uani nilikiri mwaka juzi, nyuma ya mgongo wake. Niliona aibu, na aibu yenyewe ilikuwa ya kijinga: miaka miwili nilikuwa nimelala usingizi wa mtu aliyesamehewa.

Yeye alidhani nalilia masikio yake. "Usilie," akasema. "Hili la kahawia linanipiga hapa," akajigusa tumbo. "Nyuzi zote sita nazipata. Lakini siwezi kujua kama zimelegea. Utakuwa masikio yangu? Ukisikia uzi umelegea, niambie."

"Nitakuambia," nikasema, nikafungua mdomo vizuri ili asome.

Nyumbani aliketi kwenye kigoda karibu na dirisha, mimi mbele yake. Tulianzia uzi mwembamba. Anapiga, ananitazama. Dole gumba juu, anakaza. Dole gumba chini, analegeza. Nikifumba ngumi, tunahamia mwingine. Tulicheka kama watoto. Tulimaliza nyuzi tano hivyo, na sikumbuki mara ya mwisho mume wangu kunitazama usoni muda mrefu kiasi kile. Ningeweza kunyamaza. Naapa nilikwisha kuamua kunyamaza.

Akalipapasa gitaa ubavuni. "Unajua," akasema, "yule mwizi nilimlaani miaka mingi. Nilisema mikono yake ioze. Halafu siku moja nikawaza, labda alikuwa na njaa. Nikamwachia."

"Hakuwa na njaa," nikasema.

"Umesemaje?"

"Hakuwa na njaa. Ni mimi. Hapakuwa na mwizi, nililiuza mimi."

Macho yake yalikuwa mdomoni pangu. "Rudia," akasema. "Sijakupata."

Nikarudia. Nikalisema neno mojamoja, nimefungua mdomo kama ninayemfundisha mtoto kusoma. Ni-li-li-u-za. Mara ya kwanza, kule uani, nilisema mbio huku nalia, ikawa rahisi. Safari hii niliona kila neno likimfikia. Alinitazama mikono. Kisha akatazama dirisha, lile komeo alilolitengeneza mwenyewe baada ya wizi ule, akichagua misumari mirefu ili mwizi asirudi.

Alikiinua kigoda, akakigeuza, akaketi ameelekea ukuta, gitaa limembana tumboni. Akaanza kupiga.

"Nisamehe," nikasema. Nikasema tena, kwa sauti kubwa, kisha nikakumbuka naongea na mgongo. Nikainuka, nikazunguka kigoda, nikajibanza kati yake na ukuta ili anione. Alikuwa amefumba macho.

Uzi wa sita, ule mnene, tulikuwa hatujaukaza. Kila alipoupita, rithimu nzima iliyumba. Nilisimama pale, dole gumba nimelinyoosha juu, naye akaendelea kupiga.