Kidonge Nilichokiacha Mezani

Nilipostaafu ualimu wa shule ya msingi nilidhani nimeachana na mitihani. Halafu jirani yangu wa hapa mtaani Sakina, mama ambaye ni mkufunzi katika chuo cha uuguzi, akaniomba nikawe mgonjwa wa kuigiza kwenye mtihani wa vitendo. Kazi yenyewe, alisema, ni kulala kitandani kutwa nzima, wanafunzi wakiingia mmoja mmoja kunipima presha, yeye akiwa kwenye kona na fomu yake ya kusahihishia. Nisimsaidie mtu, nisitabasamu kwa aliyepatia, wala nisigune kwa aliyekosea. Kwa mtu aliyefundisha maisha yake yote hiyo ni adhabu, lakini nilikubali.

Nilikariri maneno yangu kama mtoto wa sherehe ya Krismasi: mimi ni mama mwenye afya njema, nimekuja kupimwa tu, sina ugonjwa wowote, situmii dawa yoyote. Ilikuwa ni uongo, na mkufunzi hakujua. Nina presha tangu kabla sijastaafu, na kila asubuhi nameza kidonge kinachonipeleka chooni mara nne kabla ya saa sita. Sikumwambia, kwa sababu angetafuta mtu mwingine, na mimi nilishawatambia wenzangu wa kwaya kwamba chuo kinanihitaji. Siku ya mtihani nikamfikiria mgonjwa anayeomba ruhusa ya kwenda haja kila mara. Nikakiacha kidonge mezani, kando ya chupa ya chai.

Getini, mlinzi akiwa anaandika jina langu, msichana mmoja mwenye sare iliyopigwa pasi ikanyooka aliniamkia. Nadhani alinichukulia kuwa mzazi wa mwanafunzi. Aliniomba nimwombee. Mtihani huu alikuwa ameshaufeli mara mbili, na akifeli leo anaondolewa chuoni. Nikamwambia Mungu yupo, nikaingia ndani nikiona aibu kidogo kwamba sikumwambia mimi ndiye mwenye mkono atakaoupima.

Kabla ya mwanafunzi wa kwanza, mkufunzi alinipima mwenyewe. Akapata mia na ishirini na nane kwa themanini, akaliandika kuwa jibu la siku; nadhani kidonge cha jana kilikuwa bado kinafanya kazi. Kipimo kilikuwa kile cha kupampu kwa mkono na kusikiliza mapigo kwa masikio, si hivi vya betri vinavyojisomea.

Wanafunzi wa asubuhi walipishana. Huyu alitaja mia na thelathini, yule mia na ishirini na sita, mmoja alifunga mkanda juu chini hadi nikauma ulimi nisimcheke. Baada ya chakula cha mchana mambo yakabadilika. Kila aliyeingia alipampu haraka haraka, akafungulia hewa, akatamka mia na ishirini na nane kwa themanini bila kupepesa macho. Nimesahihisha madaftari miaka mingi. Darasa zima likileta jibu moja, ujue kuna mtu amepita nalo. Nilikasirika, lakini mgonjwa wa kuigiza hana mdomo. Isitoshe kichwa kilikuwa kimeanza kunigonga kisogoni, nikausingizia mto.

Ndipo akaingia yule msichana. Aliponitambua alisita, kisha akaniamkia tena, akajitambulisha, akanawa mikono, akaniuliza kama nimepumzika vya kutosha. Alipampu, akafungulia hewa polepole, akasikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Hakuandika kitu. Aliomba ruhusa ya kurudia, akasubiri kidogo kama inavyotakiwa, muda wake ukizidi kuisha, akapima tena.

"Mia na sabini na sita kwa mia na nne," akasema.

Mkufunzi aliandika bila kuinua uso. Mimi nilijua fomu ile inasema nini: amekosa, tena amekosa kwa mbali. Msichana akanisogelea.

"Mama, leo umemeza dawa?"

Swali hilo halikuwamo katika yale niliyokaririshwa, lakini jibu lake lilikuwamo. Situmii dawa yoyote. Nikilisema, mtihani unakwenda sawasawa, heshima yangu inabaki kwa jirani, na mtoto wa watu anafunga virago. Njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa imeishia pale kitandani.

"Hapana, mwanangu," nikasema. "Nimeiacha nyumbani."

Kengele ikalia. Mkufunzi alimwambia msichana asubiri nje, akaja akanifunga mkanda mwenyewe. Alisikiliza, akarudia, akapata kama alivyopata msichana. Kisha akanigombeza vile ambavyo sijagombezwa tangu niolewe, akanipeleka kwa daktari kwa miguu yake. Sikumchukia. Nilimheshimu zaidi niliposikia alichofanya aliporudi. Aliandika katika taarifa kwamba jibu lake la asubuhi halikuwa jibu tena, na kwamba kosa la kutonipima upya mchana lilikuwa lake. Wale wote wa mchana walirudia kesho yake kwa mgonjwa mwingine. Msichana hakurudia. Alifaulu.

Alikuja kunijulia hali wiki ile, na ndizi za kwao Meru. Ualimu hauniishi, nikamuuliza kama wenzake walimnyima ile namba. Aliangalia chini.

"Niliambiwa kabla sijaingia, mama. Nilisikiliza mara mbili nikitamani niisikie hiyo hiyo."

Nimewapa wanafunzi vyeti na zawadi kwa mambo madogo kuliko hilo. Siku hiyo sikuwa na cha kumpa ila chai, na nilimpenda waziwazi mpaka akaona haya.

Sasa ni muuguzi katika zahanati moja huko Olasiti. Kila mwezi nazipita zahanati mbili zilizo karibu yangu ili nipimwe na yeye. Ananiamkia kwanza, ananiuliza habari za kwaya, halafu ananiuliza kama nimemeza dawa. Namjibu nimemeza, na ni kweli, siku hizi nameza. Anaitikia vizuri, "Hongera mama," kisha anavaa kipimo masikioni na kunifunga mkanda.