Mialoni ya Kikapu cha Tisa

Siku yangu ya kwanza kazini nilijaza matawi makavu kwenye vikapu vitatu kabla msimamizi hajanikimbilia. Nilikuwa nimepewa reki na kuambiwa nisafishe njia ndani ya msitu wa bustani ya umma, upande wa Anoka, jimbo la Minnesota, na kila baada ya mwendo mfupi nilikuta nguzo ya chuma yenye kikapu, na minyororo ikining'inia juu yake. Nikasema moyoni, hawa watu wamestaarabika kweli, wameweka pipa la taka hadi porini. Kumbe ni mchezo. Mtu husimama kwenye kipande cha zege, akarusha kisahani cha plastiki katikati ya miti, na anayekifikisha kikapuni kwa mirusho michache ndiye mshindi. Gofu ya visahani, ndivyo nilivyokuja kuuita. Msimamizi alicheka mpaka akavua kofia, halafu akanisaidia kutoa matawi yangu.

Kabla ya hapo nilikuwa nikihudumu kwenye makao ya wazee kule Coon Rapids, kama Wakenya wengi wa rika langu. Wenzangu kanisani walinishangaa. "Wakesho, unaacha job ya ndani uende kukata miti kwa snow? Si ungeongeza tu shift?" Baba yangu alifanya kazi kwenye kitalu cha miche kule Taita, na mimi tangu nifike Minnesota nilikuwa nasumbuliwa na swali moja: mti unawezaje kuonekana maiti nusu mwaka, halafu ukaamka Mei kana kwamba hakuna kilichotokea? Nilitaka kukaa karibu nao nione.

Miaka miwili ya mwanzo nilishika reki na kulisha mashine ya kusaga matawi. Kisha nikaenda Eden Prairie, kwa mkandarasi aliyepogoa miti kwenye nyua za wenye nazo. Fundi mkuu wa pale alikuwa mtu wa maneno machache, na alinifundisha kukata. Tawi linapotokea kwenye shina kuna uvimbe kidogo, sisi tukiuita shingo. Unakata nje ya shingo, hubakizi kigutu wala huigusi shingo yenyewe. Nilimuuliza kwa nini tusipake dawa kwenye kidonda, kama tunavyofunga cha mtu. Akanijibu, "Mti hauponyi kidonda. Unajenga ukuta na kukifungia ndani. Wewe kata vizuri, halafu uuache ujenge." Nililiwaza jambo hilo wiki nzima. Hadi leo nikiona kovu kwenye shina, nasimama.

Nilirudi Anoka nikiwa naibu wa msimamizi, na sasa nilipanda lori la kikapu, lile linalomwinua mtu hadi kileleni. Juu yetu alikuwa Afisa Misitu, mwanamke mrefu aliyetembea na kopo dogo la rangi na brashi kwenye mfuko wa koti. Wiki yangu ya kwanza alinisimamisha mbele ya mwaloni mwekundu. Alisema miti ya aina hii hupata ugonjwa wa kunyauka unaoletwa na mbawakawa wadogo wanaofuata harufu ya kidonda kibichi. Kuanzia Aprili hadi Julai mwaloni haukatwi. Na ikibidi kukatwa, kidonda kinapakwa rangi hapo hapo, kabla hujashuka ngazi. Mbaya zaidi, mizizi ya mialoni jirani huungana chini ya ardhi, kwa hiyo mmoja akiugua anawaambukiza wenzake. Nilimuuliza mizizi hujuaje kuwa jirani ni wa ukoo wake. Akasema hilo hata yeye angependa kulijua, na tangu siku hiyo tukaelewana.

Basi ikaja mvua ya barafu, mapema Aprili. Mvua hii hunyesha kama mvua ya kawaida, ila inaganda palepale inapogusa kitu. Asubuhi kila kijiti kilikuwa kimevaa gamba la barafu nene kuliko kidole changu. Tulipofika kwenye uwanja wa visahani tulizima lori, tukasikiliza: msitu mzima ulikuwa unapasuka, hapa na pale, kama watu wanavunja kuni. Miti ya gome jeupe ilikuwa imeinama hadi vilele vikagusa chini, lakini haikuvunjika. Mialoni haikuinama. Tena baadhi yake huwa haiangushi majani makavu msimu wote wa baridi, na kila jani lilikuwa limebeba barafu yake. Ndiyo iliyoumia zaidi, na matawi mazima yalibaki yamening'inia juu ya njia. Matawi kama hayo tuliyaita mfanya wajane, maana likimwangukia mtu mkewe hubaki mjane, na hakuna aliyeruhusiwa kupita chini yake.

Penye kikapu cha tisa palikuwa na mialoni kumi na moja, na ilibidi kisahani kipite katikati yake. Mwenyekiti wa wachezaji, daktari wa meno mwenye ndevu hadi kifuani, alikuja akasimama nami pale huku machozi yakimlengalenga. Alisema hata tukipoteza vikapu vingine vyote, tumwachie hii kumi na moja, maana ndiyo iliyomfanya aupende mchezo. Nikamwahidi. Nilijua ninachoahidi, na hilo ndilo lililoniuma baadaye.

Shida ni kwamba kikosi chetu kilihitajika barabarani na kwenye paa za watu, na uwanja wa michezo ulikuwa wa mwisho kwenye orodha. Mimi ndiye niliyetoa wazo la harambee. Siku ya kwanza kikosi kiteremshe matawi yote ya hatari, kisha Jumapili wachezaji waje, na watu wa kanisani kwangu waje, tuvute na kupanga yaliyoanguka. Afisa Misitu alikubali kwa sharti moja: hakuna wa kujitolea atakayegusa mti uliosimama. Niliwatangazia sharti hilo waliofika saa nane. Waliofika saa tisa, baada ya ibada ya pili, sikuwatangazia. Nilikuwa namimina chai.

Kati ya waliochelewa alikuwa Mzee Mwadime. Alikuwa amekuja kumtembelea bintiye, nesi wa Coon Rapids, na nyumbani Voi alikuwa seremala miaka yote ya utu uzima wake. Alifika na suti ya kanisani na msumeno wa mkono. Fundi kama yule hawezi kutazama mti uliopasuka ovyo akaendelea na mambo yake. Nilipomwona, alikuwa ameshakata vigutu vya mwaloni mmoja, safi kabisa, na alikuwa kwenye wa pili.

Nilimwendea nikiwa na maneno tayari mdomoni. Lakini yule alikuwa rika la baba yangu, nusu ya kanisa walikuwa wanatuangalia, na mimi ndiye niliyewaita. Mdomo ukafunguka, nikasikia ninasema, "Pole na kazi, mzee."

"Asante, mwanangu. Huu ulikuwa unatia aibu."

Nikapita. Nilijiambia nitarudi na kopo la rangi akienda kunywa chai, nipake kimyakimya, na hakuna atakayeaibika. Nilimpita tena mara ya pili, nikamsalimia tena. Kisha nikaitwa upande wa pili kwa mtu aliyebanwa mguu na gogo. Niliporudi alikuwa ameondoka na jua lilikuwa linashuka. Nilipaka vidonda vyote vibichi nilivyoviona kwenye miti mitano, nikaenda nyumbani nimetulia.

Sikujua kwamba mti wa sita mzee aliuganga kwa njia ya kwao. Alikuwa amechota udongo, akaukanda na maji ya barafu, akakipaka kidonda vizuri mpaka kikafanana na gome. Nilipita mbele yake na brashi mkononi nikaona kovu kuukuu.

Mwezi wa Julai mwenyekiti wa wachezaji alinipigia simu. Mwaloni mmoja ulikuwa unakauka kuanzia kileleni, na majani yalikuwa yanaanguka yakiwa nusu kijani, nusu rangi ya shaba. Nilienda nikapanda hadi tawi la chini, penye lile kovu nililolidhania kuukuu. Udongo ulikuwa umekauka na kupasuka, na ndani ya ufa ilionekana alama ya msumeno. Nilikaa kwenye lile tawi muda mrefu.

Afisa Misitu aliuliza ni nani aliyekata. Nikamwambia yote, pamoja na ile pole na kazi. Hakunipigia kelele. Alileta mashine yenye jembe refu, ikachimba mtaro wa kukata mizizi kati ya mialoni wagonjwa na wazima, na akaamua watatu waliosimama upande wa mgonjwa waondolewe pia, maana mizizi yao ilikuwa imeshaungana na mgonjwa. Wanne waliondoka, saba wakabaki. Mwenyekiti alikuja siku ya kuangusha. Nilimwomba radhi, akanishika bega tu, na ningependa zaidi kama angenigombeza.

Jioni ile nilienda kwa Mzee Mwadime, ambaye bado alikuwa kwa bintiye. Nilikuwa nimejiandaa kuzunguka zunguka, nianze na hali ya hewa, lakini nikamwambia moja kwa moja. Akaniuliza, "Siku ile ulinipita mara ngapi?"

"Mara mbili, mzee."

"Na ulijua."

"Nilijua."

"Vijana niliowafunza, mmoja akikosea kipimo namwambia kabla ubao haujakatika. Ukishakatika namwambia nini?" Alivua miwani, akaipangusa. "Siku nyingine usiniheshimu hivyo."

Kesho yake alitaka kupelekwa kwenye kikapu cha tisa. Alipiga magoti mbele ya kisiki akapitisha kidole kwenye mstari mweusi ambao ugonjwa huuacha ndani ya mti, akauliza mizizi huungana kwa kina gani, na kama misonobari nayo huungana, na mbawakawa mwenyewe ana ukubwa gani. Nilipomwonyesha ukubwa huo kwa kucha ya kidole changu cha mwisho, alitikisa kichwa kwa mshangao. Aliporudi Voi, kila Julai alinipigia simu kuuliza kama wale saba wamesimama. Kila Julai nilienda kuwahesabu kwanza, ndipo nikamjibu.

Miaka yangu iliyobaki kazini, kila siku ya kujitolea nilisimama juu ya kisiki kimoja cha kikapu cha tisa na kutangaza sharti. Nilitangaza tena kwa kila aliyechelewa, awe mchungaji, awe diwani, awe mama mwenye nywele nyeupe kuliko zangu. Baadhi walinuna. Niliwaacha wanune.

Sasa nimestaafu na magoti hayapandi tena, lakini sijui kukaa. Majira ya kuchipua yaliyopita nilienda kujitolea kama mtu mwingine yeyote, na msumeno wangu wa mkono. Nilikuta mti mkavu uliosimama bila kilele. Zama zetu mti kama huo ulikuwa uchafu, tukiuondoa siku hiyo hiyo, kwa hiyo nikaanza kuukata. Nikasikia hatua nyuma yangu. Alikuwa msimamizi wao mpya, msichana wa Kikenya aliyezaliwa hapa hapa, na kofia ngumu ya njano. Alinitazama mimi, akatazama msumeno, akatazama tundu dogo la duara, mlango wa kiota cha ndege, juu kwenye shina ambalo mimi sikuwa nimeliona.

"Hi, Auntie," akasema. "Pole na kazi."

Kisha akageuka kwenda zake, na mgongo wake niliujua: ulikuwa wangu, siku ile ya Mzee Mwadime.

Nikashusha msumeno. "Rudi, mwanangu," nikamwambia. "Usiniheshimu. Sema."