Walipokataa Kunitazama

Harufu ya mchaichai unaochemka bado inanirudisha kwenye ua wetu wa kupanga, jirani na Msimbazi, nimefunikwa blanketi, uso juu ya mvuke wa sufuria. Mafua yalikuwa yamenishika vibaya, na mama, Mchaga aliyeuza vitenge Kariakoo na asiyejua kubembeleza, alinifukiza asubuhi na jioni. Yalipoanza kulegea, niliamka siku moja kope zimegandana. Mama alizilainisha kwa pamba na maji ya uvuguvugu. Nilipofumbua, macho yalikuwa mekundu kama pilipili mbivu, yanakereketa kana kwamba yameingia mchanga.

Pale uani kila mtu alijua kwamba ugonjwa wa macho unaambukizwa kwa kutazamana. Basi hawakunitazama. Wenzangu wa kucheza rede walifunika nyuso kwa viganja wakakimbia, na Mama Shabani, mwenye nyumba wetu, alikuwa akinisemesha huku akiangalia ukuta. Nilikuwa na miaka tisa. Macho yaliwasha, lakini kilichoniliza ni kule kutotazamwa. Jioni Mama Shabani akaja mlangoni kwetu na kichanga chake mgongoni.

"Mama Neema, mfungie ndani huyo, atatumalizia watoto. Au nimkamulie maziwa, matone mawili tu jichoni."

"Maziwa mnyonyeshe mwanao, dada. Na wangu hafungiwi. Anaumwa, hajaiba."

Kesho yake tulikwenda zahanati. Nesi alinishika kidevu, akanitazama machoni bila woga, nami nikampenda papo hapo. "Ni mafua yaleyale, mama," alisema. "Kuna virusi vya mafua vinavyoingia hata jichoni. Mtoto anapenga, anafikicha, anashika. Vinasafiri kwa mikono na taulo, siyo kwa kutazama. Usimtie kitu nje ya dawa ya hapa, na akilalamika haoni vizuri, mrudishe haraka."

Tuliporudi, mama alikiondoa kipande cha khanga kilichotundikwa bombani, ambacho watoto wote tulifutia nyuso. Mama Shabani alikirudisha, akiuliza kimekosa nini. Sikio la kufa halisikii dawa. Mama akaniketisha kibarazani, mbele ya wapita njia wote. "Usimshike mtu, usishikwe," aliniambia, "ila kichwa juu." Mficha maradhi, kilio humuumbua, na yeye hakuwa wa kuficha. Niliwakodolea macho wote. Wiki haikuisha, watoto wa Mama Shabani, ambao hawakunitazama hata mara moja, waliamka kope zimegandana. Mama, aliyenisafisha macho kila siku kisha akanawa kwa sabuni mpaka viwikoni, hakuugua. Alikishusha tena kile kitambaa, na safari hii hakuna aliyebisha.

Leo ua ule ni ghorofa la maduka, lakini ujinga ule haukubomolewa. Juzi mwanangu alitoka kwenye mafua akaingia kwenye macho mekundu, na kundi la wazazi kwenye simu likajaa maonyo: msiwatazame watoto wanaoumwa macho. Nilikasirika kama mtoto wa miaka tisa. Shuleni sikumpeleka, maana mikono ya watoto haitulii, na taulo lake nililitundika kwenye msumari wake peke yake. Lakini nilipoingia chumbani nilimkuta amegeukia ukuta.

"Mama, usinitazame, utaambukizwa."

Nikanawa mikono, nikamshika kidevu, nikamgeuza. "Mimi mtoto wa Mama Neema," nikamwambia. "Nitazame." Tukatazamana mpaka akacheka.